Muziki wa Dansi kwa Wazee Wetu: Somo la Sauti, Sikio na Kumbukumbu

Utangulizi

Somo la sauti hufundishwa katika shule zetu za sekondari kwa kutumia uma wa chuma unaotetema, uzi uliokazwa, na mrija uliotiwa maji. Vifaa hivyo vinatosha kumwonyesha mwanafunzi jinsi sauti inavyozaliwa na inavyosafiri. Havitoshi kumwonyesha jinsi inavyopokelewa, maana safari ya sauti haiishii hewani. Huishia katika sikio na ubongo wa mtu, na masikio ya watu hayalingani.

Katika makala haya tutachukua mfano mmoja ulio karibu nasi: muziki wa dansi na wazee wanaousikiliza. Mfano wenyewe unahusu mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, pamoja na vijiji vinavyouzunguka. Wilayani Babati, huko Magugu katika upande wa barabara iendayo Arusha, yako makazi ya wazee yanayosimamiwa na Serikali. Wazee wengine, nao ndio wengi zaidi, wanaishi nyumbani pamoja na watoto na wajukuu wao. Popote walipo, jambo moja huwapata wengi wao: mazungumzo ya watu huanza kuwapita. Mzee huulizwa swali akajibu lingine, au hukaa kimya. Baada ya muda jamaa hukata shauri kwamba akili imechoka, nao huacha kumsemesha.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba muziki huweza kumfikia mtu ambaye maneno hayamfikii vizuri, lakini kwa masharti matatu. Kwanza, uwe muziki wa ujana wake yeye. Pili, upigwe kwa namna inayofaa sikio lake. Tatu, matokeo yake yachunguzwe, yasidhaniwe tu. Kila sharti lina sayansi yake, na kila sharti linaweza kujaribiwa na wanafunzi wa sekondari bila maabara.

Wazo lilikotoka

Huko Marekani na Ulaya, nyumba za kutunzia wazee zimezoea kwa miaka mingi kuwapigia wakazi wake muziki wa bendi kubwa uitwao swing. Bendi ya namna hiyo ilikuwa na wanamuziki kati ya 12 na 18 hivi: safu ya saksafoni, safu ya tarumbeta, safu ya tromboni, kisha piano, gitaa, besi na ngoma. Muziki huo ulitawala kumbi za dansi za Marekani kati ya mwaka 1935 na 1945. Viongozi wake mashuhuri walikuwa Duke Ellington, Count Basie, Benny Goodman na Glenn Miller.

Sifa yake kubwa ni namna ya kugawa pigo. Katika muziki wa kawaida wa gwaride, pigo moja hugawanywa katika nusu mbili zilizo sawa. Katika swing, sehemu ya kwanza ya pigo hurefushwa na ya pili hufupishwa. Mwendo ukiwa wa wastani, uwiano wake hukaribia 2 kwa 1. Mwendo ukizidi kasi, sehemu hizo mbili huelekea kulingana. Mgawanyo huo usio sawa ndio unaowafanya wasikilizaji wayumbe, na ndipo muziki ulipopata jina lake.

Nilipokuwa masomoni ng'ambo nilipata kuona wazee wa huko wakisikiliza muziki huo, na ni rahisi kwa mgeni kufikiri kwamba siri imo katika swing yenyewe. La hasha. Wazee wale walikuwa vijana wakati muziki huo ulipotawala. Walicheza nao, walichumbiana nao, na wengine waliagana nao wakienda vitani. Kwa hiyo asiyeelewa jambo hili anaweza kuchukua santuri za Glenn Miller na kuzileta Babati, akashangaa kuona wazee wakisinzia. Kinachosafiri kutoka nchi hadi nchi ni kanuni. Nyimbo hubaki kwao.

Dansi ya kwetu

Tanzania nayo ilikuwa na bendi zake kubwa na kumbi zake za dansi. Bendi ya Dar es Salaam Jazz iliundwa mwaka 1932. Zikafuata nyingine katika miji mingi, zikiwemo Morogoro Jazz, Cuban Marimba ya Salum Abdallah huko Morogoro, Western Jazz na Kilwa Jazz za Dar es Salaam, Tabora Jazz, na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz za Tanga. Mwaka 1964 iliundwa NUTA Jazz chini ya chama cha wafanyakazi. Baada ya kubadili majina mara kadhaa, ndiyo inayofahamika leo kama Msondo Ngoma. Kaskazini ilikuwako Arusha Jazz, ambamo Wilson Kinyonga na ndugu yake George walipiga kabla ya kwenda Kenya na kuanzisha Simba Wanyika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Babati wakati huo ilikuwa ndani ya Mkoa wa Arusha, maana Mkoa wa Manyara uliundwa mwaka 2002.

Ingawa bendi nyingi zilijiita "Jazz", muziki wake kwa sehemu kubwa haukuwa jazz ya Marekani. Ulijengwa juu ya rumba na chacha zilizoletwa na santuri za Kuba, ukachanganywa na midundo ya ngoma za kwetu na mashairi ya Kiswahili. Hata hivyo, undugu wake na bendi kubwa za ng'ambo unaonekana. Saksafoni na tarumbeta hujibizana na mwimbaji. Safu ya magitaa hushika mwendo. Na watu hucheza wawili wawili.

Mpigo unaobeba rumba ni somo zuri la hesabu. Chukua mzunguko mmoja wa mapigo manne, ugawe kila pigo katika sehemu nne ndogo za haraka. Au, kwa njia nyepesi zaidi, hesabu sehemu 16 zinazojirudia. Vijiti viwili hugongwa mara tano tu katika sehemu hizo 16, na nafasi kutoka mgongo mmoja hadi mwingine ni 3, 3, 4, 2, kisha 4. Jumla yake ni 16, na mzunguko huanza upya. Mwanafunzi akigonga meza kwa mpangilio huo huku mguu wake ukihesabu mapigo ya kawaida, ataona kwamba migongo mingine haikutani na mguu. Mwili hujaribu kuziba pengo hilo, na hapo ndipo hamu ya kucheza inapozaliwa.

Sauti ya bendi hizo iliwafikia hata watu ambao hawakuwahi kuingia ukumbini. Matangazo ya redio yalianza Dar es Salaam mwaka 1951, na tangu 1965 chombo hicho kikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio ndogo za betri zilipoenea, kijana aliyekuwa akichunga ng'ombe chini ya Mlima Kwaraa aliweza kuusikia wimbo uleule uliosikika Kariakoo. Redio hiyo ilirekodi bendi nyingi katika studio zake, na kanda zake zilirithiwa na Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC.

Sikio la mzee

Sauti ni mitetemo ya hewa. Idadi ya mitetemo kwa sekunde moja huitwa marudio, nayo hupimwa kwa hezi, kifupi Hz. Sikio la kijana mwenye afya husikia kuanzia Hz 20 hadi Hz 20,000 hivi. Marudio yakiwa machache sauti huwa nzito. Yakiwa mengi huwa nyembamba.

Mitetemo ikigonga kiwambo cha sikio hupitishwa na vifupa vitatu vidogo hadi sikio la ndani, ambako kuna mrija uliojikunja kama konga la konokono. Ndani yake zimo seli zipatazo 15,000 zenye vinyweleo. Seli hizi hazifanyi kazi moja. Zilizo karibu na mlango wa mrija hupokea sauti nyembamba. Zilizo ndani kabisa hupokea sauti nzito. Seli hizo zikifa kwa mwanadamu hazioti tena.

Uzee, pamoja na kelele za miaka mingi na baadhi ya maradhi na dawa, huua kwanza seli zilizo karibu na mlango. Matokeo yake ni kwamba mzee hupoteza sauti nyembamba kwanza, hasa zile zinazozidi Hz 2,000, huku zile nzito zikibaki kwa muda mrefu zaidi. Hapa liko jambo ambalo kila mwenye babu au bibi anapaswa kulijua. Katika maneno, irabu kama *a*, *o* na *u* hubebwa na sauti nzito. Lakini konsonanti kama *s*, *f* na *th* nguvu yake imo katika sauti nyembamba, za Hz 4,000 na kuendelea. Mzee husikia kwamba mtu anasema, hata sauti ya msemaji huitambua, lakini maneno yenyewe humfikia yakiwa yamemeguka. "Sita" na "fita" kwake ni kitu kimoja. Ndiyo maana hulalamika, "Nakusikia, ila sikuelewi." Tatizo hapo huenda likawa la sikio, wala si la akili.

Jambo la pili ni la ukubwa wa sauti, unaopimwa kwa desibeli. Mtu angedhani kwamba dawa ya kutosikia ni kupaza sauti. Sikio lililopoteza seli zake halifanyi hivyo. Sauti ndogo halizisikii, lakini sauti kubwa hulisumbua kama linavyosumbuliwa sikio zima, na pengine zaidi. Nafasi iliyoko kati ya sauti isiyosikika na sauti inayoumiza huwa nyembamba. Kwa hiyo anayefungulia spika hadi mwisho mbele ya wazee hawasaidii, huwafukuza.

Kwa nini ala za dansi hupenya

Sasa tuzitazame ala za bendi kwa kipimo kilekile. Uzi mzito kabisa wa gitaa la besi hutetema mara 41 hivi kwa sekunde. Noti za saksafoni ya teno huanza karibu na Hz 100 na kupanda hadi Hz 660 hivi. Tarumbeta huanza karibu na Hz 165, na noti yake ya juu ya kawaida hufikia Hz 1,050 hivi. Sauti ya mwimbaji, mwanamume au mwanamke, nayo imo humohumo. Ni kweli kwamba kila ala huzaa pia mitetemo midogo iliyo juu zaidi, ambayo huipa ala rangi yake ya pekee. Lakini mitetemo ya msingi inayobeba melodia yote imo chini ya Hz 1,100, yaani katika eneo ambalo sikio la mzee bado linalilinda. Mzee asiyeweza kufuata taarifa ya habari anaweza kuufuata wimbo, kwa sababu wimbo unapita katika mlango ambao haujafungwa.

Tahadhari moja ni ya lazima kwa zama zetu. Siku hizi ni rahisi kumpigia mzee wimbo kwa simu ya mkononi. Spika ya simu ni ndogo mno hata haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kutoa sauti nzito. Besi na tumba hupotea karibu zote. Simu huondoa sauti nzito, uzee umekwisha kuondoa sauti nyembamba, na mzee huachiwa kipande kidogo cha katikati. Wimbo uliokuwa ukimwinua kitini humfikia kama mlio wa nyuki ndani ya kopo. Spika ya redio ya kawaida, yenye upana wa kiganja au zaidi, ni bora kuliko simu ya bei kubwa.

Mahali pa kusikilizia pana uzito pia. Katika chumba chenye kuta za saruji na paa la bati lisilo na dari, sauti hurudishwa na kila ukuta, na mwangwi hufunika mwanzo wa kila noti. Mvua ikinyesha juu ya bati hakuna linalosikika. Uwanja wenye kivuli cha mti, mbali na barabara ya malori na pikipiki, hauna mwangwi kabisa. Ikilazimu kuwa ndani, mikeka, mapazia na mablanketi yaliyotandazwa hunyonya sehemu ya mwangwi.

Kanuni ya umbali nayo itumike. Mahali pa wazi, umbali kutoka kwenye chanzo ukiongezwa maradufu, sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi. Ukipunguzwa nusu, huongezeka kwa kiasi hicho hicho. Kwa hiyo badala ya kuongeza nguvu ya spika iliyo mita 4 kutoka kwa wazee, isogezwe hadi mita 2. Wazee watapata desibeli 6 zaidi, na majirani hawatasumbuliwa. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki, na kwamba kila desibeli 3 zinapoongezwa, muda huo ukatwe nusu. Kwa kikao cha wazee kanuni nyepesi inatosha: watu wawili waliokaa karibu waweze kuzungumza bila kupaza sauti wakati muziki unaendelea.

Kumbukumbu ya ujana

Tumeona jinsi wimbo unavyoingia. Je, unakuta nini ndani? Wachunguzi wa kumbukumbu wameona mara nyingi kwamba mtu mzima akiombwa asimulie maisha yake, matukio mengi anayoyataja ni ya kati ya umri wa miaka 10 na 30. Kipindi hicho ndicho mtu anapofanya mambo mengi kwa mara ya kwanza: kuondoka nyumbani, kupata kazi, kupenda, kuoa au kuolewa. Nyimbo alizozisikia wakati huo hufungamana na mambo hayo.

Kwa wazee wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, hali hii ina umuhimu wa pekee. Ugonjwa huo si wa nchi za mbali tu. Uchunguzi uliofanywa wilayani Hai, Mkoa wa Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kati ya watu wenye miaka 70 au zaidi, asilimia 6.4 walikuwa nao, baada ya hesabu kusawazishwa kwa umri. Mwaka 2015 watafiti wa Leipzig, Ujerumani, walionyesha kwamba sehemu za ubongo zinazohusika na kukumbuka muziki wa zamani zimo miongoni mwa zile ambazo ugonjwa wa Alzheimer huchelewa kuziharibu. Hii ndiyo sababu mtu aliyesahau jina la mjukuu wake anaweza kuuimba wimbo wa ujana wake ubeti hadi ubeti.

Mwili pia hukumbuka. Ubongo huunganisha kusikia pigo na kusogeza kiungo kwa njia ya haraka sana. Mwaka 1996 Michael Thaut na wenzake, nchini Marekani, waliwafundisha wagonjwa wa Parkinson kutembea kwa kufuata mapigo ya muziki kwa muda wa wiki tatu, na mwendo wao ukaongezeka. Muziki wa dansi unafaa kwa mazoezi mepesi ya namna hii kwa sababu ya umbo lake. Wimbo mwingi huanza taratibu, mwimbaji akieleza kisa, kisha huingia katika sehemu ya pili yenye kasi ambayo bendi nyingine huiita chemko. Mzee hupewa muda wa kuanza na mabega na vidole kabla miguu haijaitwa.

Wimbo wa nani?

Sharti la kwanza tulilolitaja ndilo linalosahauliwa zaidi. Ili kujua muziki wa ujana wa mzee, chukua mwaka wake wa kuzaliwa, uongeze 15, kisha uongeze 25. Miaka iliyomo katikati ndiyo ya kutafutia. Tuchukue mifano mitatu.

1. Aliyezaliwa mwaka 1935: kipindi chake ni 1950 hadi 1960. Huyu ni wa santuri za Kuba, Dar es Salaam Jazz na mwanzo wa Cuban Marimba.

2. Aliyezaliwa mwaka 1945: kipindi chake ni 1960 hadi 1970. Huyu alimsikia Salum Abdallah kabla ya kifo chake mwaka 1965, akaisikia NUTA Jazz ilipoanza, na akamjua Mbaraka Mwinshehe katika Morogoro Jazz.

3. Aliyezaliwa mwaka 1960: kipindi chake ni 1975 hadi 1985. Huyu ni wa Vijana Jazz, Orchestra Maquis, na Mlimani Park iliyoundwa mwaka 1978. Alikuwa kijana Mbaraka Mwinshehe alipofariki kwa ajali huko Mombasa mwezi Januari 1979.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu kuwa mzee kila aliyefikisha miaka 60. Maana yake ni kwamba chini ya mti mmoja wanaweza kukaa watu ambao ujana wao umepishana kwa miaka 25. "Nyimbo za wazee" kama fungu moja hazipo.

Babati ina ugumu mwingine ambao ni utajiri pia. Katika eneo hili hukutana Wagorowa na Wairaqw, ambao lugha zao ni za Kikushi. Wambugwe na Warangi, wenye lugha za Kibantu. Na Wabarabaig, wa jamii ya Wadatoga, wenye lugha ya Kiniloti. Si kila mzee wa hapa alipata kucheza dansi. Bibi aliyekulia katika boma la Kibarabaig, akajifunza Kiswahili akiwa mtu mzima, hana sababu ya kusisimkwa na tarumbeta za Dar es Salaam. Wimbo wake ni ule uliopokezanwa na wanawake wa rika lake. Mzee wa Kiiraqw huenda akaguswa zaidi na slufay, yaani utenzi wa sala ambao msemaji husema na kundi zima likaitikia. Wengine ujana wao umo katika nyimbo za kanisani au kaswida. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mzee lisiwe, "Unaupenda wimbo huu?" bali, "Mlipokuwa vijana, kwenu mlicheza nini?"

Uchunguzi wa kufanywa na wanafunzi

Hatua zifuatazo zinafaa kwa kikundi cha wanafunzi sita pamoja na mwalimu wao.

Hatua ya kwanza: ruhusa. Mwalimu aonane na msimamizi wa makazi, au na familia, kisha wazee wenyewe waelezwe na waulizwe. Anayekataa aachwe kwa heshima. Asipigwe picha mtu, wala jina lake lisiandikwe daftarini, itumike namba.

Hatua ya pili: mahojiano. Baada ya shikamoo na mazungumzo ya kawaida, kila mzee aulizwe mwaka wa kuzaliwa, mahali alipokulia, lugha ya utotoni, na nyimbo anazozikumbuka. Asiyejua mwaka wake asaidiwe kwa matukio: je, wakati wa Uhuru mwaka 1961 alikuwa mtoto, kijana au mzazi? Msemaji amkabili mzee uso kwa uso mahali penye mwanga, aseme polepole na kwa sauti ya kawaida. Kupiga kelele hukuza irabu tu, na konsonanti hubaki palepale.

Hatua ya tatu: vikao viwili. Katika siku ya kwanza wanafunzi wazungumze na wazee kwa nusu saa bila muziki. Siku nyingine, saa ileile na mahali palepale, wakae nao kwa nusu saa na nyimbo zilizochaguliwa kutokana na mahojiano. Nusu ya wazee waanze na siku ya muziki, na nusu waanze na siku ya mazungumzo. Bila mpango huu hatutajua kama furaha iliyoonekana imeletwa na muziki au imeletwa na wageni. Mzee mpweke huchangamka akitembelewa, hata na mtu asiye na redio.

Hatua ya nne: kuhesabu. Kila mwanafunzi aangalie mzee mmoja au wawili tu. Kila baada ya dakika tano aweke alama kwa mambo manne: amesema neno, ametabasamu, amesogeza kiungo kwa kufuata pigo, ameonyesha kuchoka au kuudhika. Kasi ya wimbo ipimwe kwa kuhesabu mapigo ya sekunde 15 na kuzidisha kwa 4.

Hatua ya tano: kulinganisha. Majumla ya siku mbili yawekwe katika jedwali na kuchorewa grafu. Matokeo yaandikwe yalivyo, hata kama muziki haukuonyesha tofauti.

Mipaka ya muziki

Ni wajibu wa sayansi kusema pia jambo lisilowezekana. Muziki hauponyi ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Tathmini ya shirika la Cochrane ya mwaka 2018, iliyokusanya tafiti 22 juu ya muziki kwa wagonjwa wa aina hiyo, ilihitimisha kwamba huenda muziki hupunguza dalili za huzuni, lakini hauelekei kurudisha uwezo wa akili. Nuru inayoonekana usoni mwa mzee wakati wa wimbo ni ya kweli, nayo inaweza kufifia baada ya wimbo.

Aidha, wimbo haufungui mlango wa furaha peke yake. Wimbo uliopigwa harusini unaweza kumkumbusha mwenzi aliyekufa. Mzee akilia, muziki upunguzwe taratibu, na mmoja akae karibu naye amsikilize. Machozi si lazima yawe dalili ya madhara. Wengine baada ya hapo hutaka wimbo urudiwe. Uamuzi ni wake.

Tatu, kikao cha muziki si kipimo cha daktari. Hata hivyo kinaweza kumfungua macho mtunzaji. Ikiwa mzee anayesemekana amepoteza akili anashika pigo sawasawa, anaitambua melodia, na anaimba, lakini hajibu maswali, familia ina sababu nzuri ya kumpeleka hospitali akapimwe masikio. Wakati mwingine kinachokutwa ni nta iliyoziba, ambayo mhudumu wa afya huiondoa kwa muda mfupi. Mtoto wa nyumbani asijaribu kuitoa kwa kijiti. Jambo hili lina uzito zaidi tukikumbuka kwamba tume ya jarida la kitabibu la The Lancet, mwaka 2020, iliweka upungufu wa kusikia miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, nao ni miongoni mwa yale yanayoweza kushughulikiwa.

Hitimisho

Kumshirikisha mzee muziki ni kazi yenye fizikia, biolojia, historia na adabu ndani yake. Fizikia hutufundisha kusogeza spika badala ya kuifungulia. Biolojia hutuonyesha kwa nini melodia hufika mahali ambapo konsonanti zimeshindwa. Historia hutuambia ni bendi gani ilikuwa ikisikika mwaka gani. Adabu hutukumbusha kuuliza kabla ya kuchagua.

Wanafunzi watakaofanya uchunguzi huu watapata faida nyingine. Wazee wa mwaka 1945 wanajua mambo ambayo kanda za redio hazikuyahifadhi: dansi ilichezwa wapi hapa Babati, watu walivaa nini, kiingilio kilikuwa kiasi gani, na nani alikatazwa na baba yake asiende. Majibu hayo yaandikwe, yasomewe wazee wenyewe wayasahihishe, kisha nakala ibaki katika maktaba ya shule.

Maswali na mazoezi

1. Eleza kwa nini mzee anaweza kuufuata wimbo wa saksafoni lakini akashindwa kutofautisha maneno "sita" na "fita".

2. Spika iliyo mita 8 kutoka kwa msikilizaji inamfikishia desibeli 58 mahali pa wazi. Ikisogezwa hadi mita 2, atapokea desibeli ngapi takriban?

3. Gonga mezani mpangilio wa 3, 3, 4, 2, 4 huku mguu ukipiga kila baada ya sehemu nne. Ni migongo mingapi kati ya mitano inayokutana na mguu?

4. Kwa nini nusu ya wazee waanze na siku ya muziki na nusu waanze na siku ya mazungumzo?

5. Kokotoa kipindi cha ujana cha mtu mzima mmoja wa nyumbani kwenu. Muulize nyimbo tatu za kipindi hicho, kisha ulinganishe majibu yake na hesabu yako. Ikiwa hayalingani, toa sababu mbili zinazoweza kueleza tofauti hiyo.

6. Wewe mwenyewe utakuwa na miaka 75 mwaka gani? Taja nyimbo ambazo vijana wa wakati huo watapaswa kukutafutia.